Heshima ya Aliyetanguliwa

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa nchi ya majani chai, tangu Kericho mjini mpaka Kabianga, na kutoka huko hadi mipaka ya Bomet, huyazungumza jioni kazi zikiisha, na ambayo mpita njia akiyasikia angedhani ni ya mzaha tu, liko moja ambalo naliona lina uzito wa dini na wa falsafa ndani yake: mwanamke anapompita mwanamume katika mbio walizoanza pamoja, kwa ishara moja na katika njia moja, ni kitu gani hasa kilichoshindwa? Wako wasemao kwamba kilichoshindwa ni miguu ya mtu mmoja, basi. Wako wasemao kwamba kilichoshindwa ni uanaume wenyewe, na kwamba aliyepitwa hana budi kuinamisha uso mbele ya wenziwe. Na wako, aghalabu wazee waliozoea kuyasoma Maandiko kwa makini, wasemao kwamba jambo hili linagusa mpango wa Muumba, aliyemtanguliza mwanamume katika kuumba na kumzidishia nguvu, hata kumwona mwanamke mbele yake ni kuona kitu kilichoondoka mahali pake. Nataka kulichukua swali hili kwa utaratibu linaostahili, kwa sababu majibu tuyatoayo yamefika mbali kuliko mbioni; yameingia majumbani, na mahali pengine yamemwaga damu.

Kwanza yakiriwe yaliyo kweli, kwa kuwa mwenye insafu haanzi hoja yake kwa kukanusha lililo wazi machoni pa watu. Mola ameyatofautisha maumbile ya mume na mke, na tofauti hizo zina taathira katika mbio. Mtoto wa kike na mtoto wa kiume, kabla ya kubaleghe, hukimbia karibu sawasawa, na walimu wa shule za msingi katika vilima vya Belgut wanajua jinsi msichana wa miaka kumi anavyoweza kuwaacha nyuma wavulana wote wa darasa lake na isionekane kuwa ni shani. Lakini baleghe ikifika, mwili wa mvulana huongezewa homoni inayomkuzia misuli, moyo na mapafu, na damu yake huwa na chembe nyekundu nyingi zaidi za kuchukulia hewa, kwa namna ambayo wakilinganishwa walio bora kabisa wa kila upande, mwanamume atamtangulia mwanamke kwa takriban sehemu moja katika kumi. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwezi wa Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35. Tigst Assefa wa Ethiopia alikuwa amekimbia ile ya Berlin, wiki mbili kabla ya hapo, kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Mwaka uliofuata Ruth Chepng'etich akaushusha muda wa wanawake hadi saa 2, dakika 9 na sekunde 56, ingawa adhabu ya miaka 3 aliyopewa mwaka 2025, kwa dawa iliyokatazwa iliyokutwa katika sampuli ya baadaye, imewafanya wengi wautaje muda huo kwa kusita, nami ni mmoja wao. Hata tukiuchukua kama ulivyoandikwa, pengo lingali lipo, na hakuna hoja ya haki inayohitaji tulifiche.

Lakini pengo hilo ni baina ya nani na nani? Ni baina ya Kiptum na Assefa. Halikuwa baina ya Assefa na yule bwana aliyefika mwisho wa njia ya Berlin saa moja baada yake, akihema, mikono kiunoni, na ambaye huenda jioni ile aliwaambia rafiki zake kwamba wanaume ni wepesi kuliko wanawake. Brigid Kosgei alipoivunja huko Chicago, tarehe 13 Oktoba 2019, rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu tangu mwaka 2003, kwa kukimbia saa 2, dakika 14 na sekunde 4, wanaume waliokuwa mbele yake walikuwa wachache wa kuhesabika, na waliokuwa nyuma yake walikuwa maelfu kwa maelfu. Kila mmoja wa maelfu wale, lau angejisifu kwa wepesi wa wanaume, angesema neno ambalo kwa jumla ni kweli na kwake yeye ni uongo; maana angejivika sifa ya watu asiopata kuwaona, ambao wao wenyewe waliipata kwa kuamka alfajiri katika baridi ya nyanda za juu miaka nenda miaka rudi, ilhali yeye alikuwa amelala. Kadiri ya wengi si mali ya mtu mmoja. Hakuna binadamu aitwaye Wanaume aliyewahi kusimama katika mstari wa kuanzia mbio. Husimama fulani na fulani, kila mmoja na pafu lake, na njia huwapanga hao mmoja mmoja bila kuuliza jumuiya walikotoka.

Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, alipokuwa akijadili katika kitabu chake cha Jamhuri kama wanawake wa mji aliokuwa akiubuni waweza kushirikishwa katika ulinzi na utawala pamoja na wanaume, alileta hoja ya washona viatu: mwenye upara na mwenye nywele wana maumbile yanayotofautiana, lakini haifuati kutokana na hayo kwamba mmoja akishona viatu mwenziwe akatazwe, kwa kuwa tofauti inayopaswa kuangaliwa ni ile ihusuyo kazi yenyewe. Hoja hiyo ni ya zaidi ya miaka elfu mbili, na bado sijaona ilipovunjwa. Naongeza juu yake neno moja. Katika mbio tofauti ya mwili inahusika na kazi, tumekwisha kulikubali. Lakini tofauti hiyo imekwisha kuhesabiwa na njia yenyewe, sekunde kwa sekunde, na mtu aliyekwisha kulipwa haki yake njiani hana deni la kudai tena mezani, wala barazani, wala katika hati ya shamba. Anayetaka wepesi wa miguu ya wanaume wachache uwe sababu ya yeye kusikilizwa kwanza nyumbani anataka alipwe mara mbili kwa kazi ambayo hata mara moja hakuifanya.

Miaka nayo imeyahukumu majigambo haya kwa ukali. Mwaka 1933 Jack Lovelock wa New Zealand alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 7.6, nao ulimwengu ukastaajabu, kwa kuwa hakuna mwanamume katika rekodi aliyekuwa amefika hapo. Tarehe 21 Julai 2023, huko Monaco, Faith Kipyegon, mwana wa Kipsigis aliyelelewa Keringet pembezoni mwa msitu wa Mau, alikimbia masafa yayo hayo kwa dakika 4 na sekunde 7.64. Abebe Bikila, ambaye kwa Afrika nzima alikuwa kama nyota ya alfajiri, aliimaliza marathoni ya Tokyo mwaka 1964 kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Assefa, binti wa nchi ile ile, angefika mbele yake. Najua kwamba viatu vimebadilika, viwanja vimebadilika, na elimu ya mazoezi imeongezeka. Lakini hiyo ndiyo nguvu ya hoja yangu wala si udhaifu wake. Mwili wa mwanamume wa mwaka 1932 ulikuwa mwili huu huu wa leo, wenye homoni hizi hizi. Naye, kwa hukumu ya saa, angekuwa nyuma ya Kipyegon. Basi ikiwa wepesi ndio hati ya daraja aliyopewa mume na Muumba wake, wanaume wote waliotangulia mwaka huo waliishi bila hati, nao ndio babu zetu waliotuachia desturi hiyo ya kujivuna.

Tokyo ile ile ya mwaka 1964 ndiko alikoipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut arap Chumo, aliyeshika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800, na miaka minne baadaye huko Mexico akashika ya pili. Jina lake linatajwa kwa taadhima hapa, na ndivyo ipasavyo. Lakini mwenye kulitaja akumbuke pia kwamba mbio hizo za mita 800, zilipofunguliwa kwa wanawake mara ya kwanza katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, ziliondolewa mara moja kwa madai kwamba miili yao haikuziweza, zisirudishwe mpaka mwaka 1960. Na kwamba marathoni ya Olimpiki haikufunguliwa kwao mpaka mwaka 1984. Huko Mexico mwaka 1968 ndipo Kenya ilipowapeleka wanawake wake wa kwanza, Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Mtu akifungiwa mlango kwa miaka hiyo yote, kisha akaulizwa kwa nini hajafika, anayeuliza ndiye mwenye kuhitaji kujieleza. Na hapa Kabianga penyewe, shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1925 ilikuwa ya wavulana, na ni ya wavulana hata leo, na imetoa watu wengi wenye maana. Lakini chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013 juu ya vilima hivi hivi huwaketisha binti na kijana katika darasa moja na kuwapa karatasi moja ya mtihani. Wazazi walioukubali mtihani huo, na ambao hufurahi binti yao anapotokea wa kwanza, sijui kwa nini baadhi yao waione njia ya mbio kuwa ni jambo jingine.

Iko hoja nyepesi zaidi inayoletwa na wale wasiotaka kumvunjia mwanamke heshima waziwazi: kwamba mwanamke anayekimbia mbio kali miongoni mwa wanaume amebebwa na wanaume hao, wanaomkata upepo na kumvuta kwa mwendo wao, hivyo kwamba sifa si yake kamili. Tegla Loroupe alipoishika rekodi ya dunia huko Rotterdam mwaka 1998 kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, alilaumiwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 wakuu wa riadha ya dunia walikata shauri kwamba muda wowote uliopatikana pamoja na wanaume usihesabiwe kuwa rekodi ya marathoni ya mwanamke, wakataka kuuondoa hata ule wa Radcliffe, kisha kwa malalamiko mengi wakarudi nyuma. Na leo daftari ni mbili, moja ya mbio za mchanganyiko na moja ya mbio za wanawake peke yao. Siilaumu sheria ya daftari mbili, kwa kuwa ni haki kupima vitu viwili kwa vipimo viwili. Ninayoikataa ni ile tafsiri iliyokwisha kuzoeleka, kwamba mwanamke bila mwanamume mbele yake ni mkokoteni uliokosa punda.

Na wa kuikataa kwa ushahidi ni mwana wa Kericho hii hii. Joyce Chepchumba, aliyezaliwa hapa mwaka 1970, na ambaye alimshinda Liz McColgan katika marathoni ya London ya mwaka 1997 kwa sekunde moja tu baada ya kilomita 42 na ushei, alikimbia Chicago mwaka 1998, mbio za mchanganyiko, na kushinda upande wa wanawake kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 57. Mwaka uliofuata alikimbia London, ambako wanawake walitolewa peke yao bila mwanamume hata mmoja wa kuwakatia upepo, na akamaliza kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 22, muda ambao wakati ule haukuwa umefikiwa na mwanamke yeyote katika mbio za wanawake peke yao. Miguu ni ile ile. Wenye kuvuta hawakuwapo. Na muda ukapungua. Sidai kwamba mfano mmoja unafuta faida ya kukingwa upepo, faida ambayo kila mkimbiaji anaijua kifuani mwake. Nadai kwamba unatosha kumnyamazisha anayesema kuwa faida hiyo ndiyo kila kitu.

Tena, ni nani akimbiaye peke yake? Eliud Kipchoge alipoyamaliza masafa ya marathoni huko Vienna mwezi wa Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na waweka kasi 41, wote wanaume, waliopokezana kumzunguka kama mawimbi yanavyoizunguka ngalawa. Haikuandikwa kuwa rekodi, na yeye mwenyewe hakuidai. Lakini hakuna aliyesema kwamba Kipchoge alibebwa. Kipyegon alipojaribu huko Paris, tarehe 26 Juni 2025, kuikimbia maili chini ya dakika 4, akiwa na waweka kasi 13, wanaume 11 na wanawake 2, akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, nilisikia maneno ambayo Kipchoge hakuambiwa. Msaada ule ule ukimfikia mume huitwa ushirikiano, na ukimfikia mke huitwa kubebwa. Waja wote tumeumbwa tukihitajiana, na aliyetuumba hivyo hakuona aibu katika hilo.

Sasa niwarudie wale wazee wenye Maandiko mikononi, kwa kuwa hoja yao ndiyo nzito, nao wanaisema kwa ikhlasi. Husema kwamba katika kitabu cha Mwanzo mume alitangulia kuumbwa. Kwamba Mtume Paulo amemwita mume kichwa cha mke. Na ndugu zao Waislamu wa Kericho mjini wakiulizwa huitaja aya ya Sura ya An-Nisaa inayowafanya wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake. Siyafutilii mbali maandiko hayo, wala sina elimu ya kunipa ruhusa hiyo. Nasema tu kwamba yote yanazungumza juu ya amana: juu ya nani atunze, nani agharimie, nani ajitoe nafsi yake kwa ajili ya mwenziwe. Aya hiyo ya An-Nisaa yenyewe inautaja usimamizi pamoja na mali ambayo wanaume huitoa katika matumizi ya nyumba, na Paulo anapoutaja ukichwa katika waraka wake kwa Waefeso haukamilishi usemi mpaka amemwagiza mume ampende mkewe kwa kiasi cha kuutoa uhai wake. Amana hupimwa kwa uaminifu. Msimamizi wa shamba hawi msimamizi kwa kuwa anawashinda wachumaji wote kwa kasi ya mikono, na siku atakayokutana na mchumaji mwepesi kuliko yeye, usimamizi wake haupungui chembe, isipokuwa kama tangu mwanzo aliujenga juu ya msingi wa uongo.

Na dini zote mbili zina habari za mbio, ambazo nashangaa jinsi zinavyopitwa haraka mimbarini. Imepokewa katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha wakiwa safarini, na Bibi Aisha, aliyekuwa mwembamba wakati huo, akamtangulia. Kisha, miaka ilipopita na mwili wake kunenepa, walishindana tena na Mtume akamtangulia, akamwambia kwa upole kwamba hii ni kwa ile. Mwenye akili aitazame habari hii pande zote. Aliyepitwa ni kiongozi wa umma mzima, mwenye majeshi na wahyi. Na kupitwa kwake hakukumwondolea utume wala mapenzi, wala hakukufichwa, bali aliyemshinda ndiye aliyekuja kuisimulia habari yenyewe kwa vizazi vya baadaye, na wanazuoni wakaipokea na kuiandika kama walivyoandika habari za swala na funga. Ama kile kichekesho cha upole cha mara ya pili, mimi nakiona ni mafunzo makubwa ya ndoa, kwa sababu kinaonyesha kwamba mume aliikumbuka ile mbio ya kwanza miaka yote hiyo, na aliikumbuka bila kinyongo.

Upande wa Injili, Yohana anasimulia kwamba asubuhi ya Jumapili ile aliyefika kaburini kwanza, kungali giza, alikuwa Mariamu Magdalene. Naye alipoliona jiwe limeondolewa alikwenda mbio kuwaambia Petro na mwanafunzi mwingine, na wale wawili wakakimbia pamoja, yule mwingine akampita Petro, akafika, akainama kuchungulia, lakini asiingie mpaka Petro alipofika na kuingia. Kanisa limezungumza sana juu ya nani kati ya wanaume wawili alikuwa wa kwanza. Lakini wote wawili walikuwa nyuma, kwa sababu habari iliyowakimbiza ililetwa na mwanamke aliyekwisha kwenda na kurudi. Na mbio zao, pamoja na utukufu wake wote, zilikuwa mbio za kufuata.

Lililo kubwa zaidi liko Makka. Bibi Hajar, aliyeachwa bondeni na mtoto mchanga mwenye kiu, alikimbia baina ya vilima vya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji au msafiri, mpaka Mungu alipomfungulia chemchemi ya Zamzam. Ibada ya Saayi, ambayo hija haitimii bila hiyo, imewekwa juu ya nyayo zake. Wafalme wameikimbia, masultani, majemadari, mafakihi wenye vilemba. Na kila mmoja wao, kwa karne kumi na nne, katika sehemu ile ya bonde ambayo mwanamume husuniwa kuongeza mwendo, amekimbia nyuma ya mwanamke aliyekuwa peke yake, maskini, mgeni, asiye na mume wala ndugu karibu naye. Mungu angetaka kutufundisha kwamba kumfuata mwanamke njiani ni dhila, asingaliwaamrisha mamilioni ya wanaume wafanye hivyo ili wasamehewe dhambi zao.

Sitakaa sana juu ya habari za mbio ndefu mno, zipitazo usiku na mchana, ambamo pengo la mwili hupungua na mara nyingine hugeuka, ingawa zina mvuto wake. Itoshe kusema kwamba mwezi wa Januari 2019, katika milima ya Uingereza, Jasmin Paris aliwashinda wanaume wote katika mbio za maili 268 kwa saa 83 na dakika 12, akisimama vituoni kukamua maziwa kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa angali ananyonya. Atakayeona udhaifu katika mwili huo na aonyeshe mahali ulipo.

Huzuni yangu yote iko katika yale yanayofuata baada ya mbio. Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 huko Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya wakati huo ya mbio za wanawake peke yao. Mwezi mmoja baadaye alikutwa nyumbani kwake Iten ameuawa kwa kudungwa kisu, naye mumewe akashitakiwa kwa mauaji hayo. Hakuwa ametimiza miaka 26. Mwezi wa Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume aliyepata kuishi naye, akafariki Eldoret baada ya siku chache. Katika msiba huo wa pili ugomvi wa ardhi ulitajwa. Sisemi kwamba kila ukatili una asili moja. Lakini mwenye kuzijua nyumba za wakimbiaji wa nchi hii anajua jinsi mke anavyoanza kutangulia, kwanza kwa kasi, kisha kwa jina, kisha kwa fedha, na jinsi mume ambaye hapo awali alikuwa mwenzi wake wa mazoezi anavyoweza kugeuka msimamizi wa akaunti yake, kisha mlinzi wa simu yake, kisha adui wake. Damu ya kwanza katika Taurati na katika Qurani ilimwagwa kwa sababu hii hii: Kaini hakunyimwa chakula wala ardhi, aliona tu kwamba sadaka ya nduguye imekubaliwa mbele ya yake, na hasada ikamwambia kwamba kilichopewa Habili kimetoka katika fungu lake.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la mabingwa peke yao. Katika vituo vya majani chai vya wakulima wadogo, huku Kabianga na Litein na Kapkatet, vikapu hutundikwa juu ya mizani moja, na karani huandika kilo bila kuuliza mikono iliyochuma ni ya jinsi gani. Na aghalabu mikono iliyochuma majani mawili na kichipukizi, tangu umande haujakauka, ni ya mwanamke. Hapo mashindano ni ya haki kabisa. Lakini nambari ya mkulima iliyoandikwa katika daftari, mara nyingi mno, ni ya mume, na bonasi ya mwaka ikitoka huingia katika akaunti ya mume, na ziko nyumba ambazo mwezi huo hugeuka mwezi wa majonzi. Mizani imekiri kwamba mke alitangulia, daftari limekataa. Anayeistaajabia habari ya fedha za mbio za Chicago na Boston kuishia mahali mshindi mwenyewe asikokujua ana mfano wake hapa chini ya kilima.

Wachungaji wa makanisa ya hapa, mapadre wa jimbo la Kericho, na maimamu pia, wana desturi njema ya kuwaketisha vijana wanaotaka kuoana na kuwafunda kwa majuma kadhaa kabla ya kufungishwa ndoa. Huwauliza juu ya imani, juu ya mahari, juu ya watoto na wakwe. Naomba, kwa unyenyekevu wote na kwa msisitizo wote, waongeze katika mafundisho hayo swali moja la kumwelekea bwana harusi, aulizwe mbele ya mashahidi na mbele ya bibi harusi mwenyewe: mkeo akikutangulia, kwa elimu, kwa mapato, kwa jina au kwa miguu, utafanya nini? Na asifungishwe ndoa mpaka amejibu.